Likizo ya Juni: Wazazi Wameachana, Mtoto Aende Wapi?

Likizo ya mwezi wa sita inakaribia. Walimu watafunga shule. Watoto watarudi nyumbani wakikimbia na madaftari yao. Wengi watafurahi. Lakini yuko mtoto mmoja atakayetembea polepole nyuma ya wenzake. Baba yake anakaa kijiji hiki, mama yake anakaa kijiji kile. Wazazi hao wameachana. Mtoto anajiuliza moyoni: "Likizo hii nitakwenda wapi? Nikienda kwa baba, mama atanuna. Nikibaki kwa mama, baba atasema simpendi."

Pengine mtoto huyo ni wako. Pengine ni mjukuu wako, au mtoto wa dada yako, au wa jirani yako.

Unaweza kuuliza: "Mambo ya talaka yanaingiaje katika ukurasa wa afya?" Yanaingia, ndugu msomaji. Mtoto mwenye wasiwasi halali vizuri na chakula hakimpiti. Mtoto anayesafirishwa bila dawa yake na bila chandarua anaweza kuugua, hata kufa. Afya ya mtoto ni mwili wake na moyo wake pia. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya jambo moja: jinsi wazazi walioachana wanavyoweza kupanga likizo ya mtoto wao.

TUCHUKUE MFANO

Huu ni mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutokea katika vijiji vingi.

Mama mmoja anakaa kijijini katika nyanda za juu za Njombe. Ana watoto 2. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 9, yuko darasa la 3. Wa pili ni msichana wa miaka 4. Baba yao anakaa bonde la Kilombero, karibu na Ifakara. Analima mpunga. Wazazi hawa waliachana na mahakama ikasema watoto wakae na mama.

Mwaka jana, mwezi wa sita, baba alifika bila kutoa habari. Alimchukua mvulana shuleni siku ya kufunga. Hakusema watarudi lini. Mtoto hakubeba nguo wala chandarua. Huko Kilombero mpunga ulikuwa unaiva. Mtoto akapewa kazi ya kuamia ndege kuanzia alfajiri mpaka jioni. Shule zikafunguliwa. Mtoto bado yuko shambani. Akashikwa na homa. Ilikuwa malaria. Alirudi Njombe wiki 3 baada ya wenzake kuanza masomo, amekonda.

Mama alikasirika sana. Akasema: "Baba yako hutamwona tena mpaka ukue."

Je, tatizo likaisha? Hapana. Mtoto alianza kukojoa kitandani usiku, ingawa alikuwa ameacha zamani. Kila jioni alisema tumbo linamuuma. Mwalimu aliona kwamba anasinzia darasani. Mama alimpeleka zahanati. Alipimwa, hakuonekana ugonjwa. Mganga alimwuliza mtoto taratibu: "Una jambo gani moyoni?" Mtoto akajibu: "Mimi ndiye niliyewagombanisha."

Ndugu msomaji, lifikirie jibu hilo. Mtoto wa miaka 9 amebeba mzigo wa watu wazima 2.

NANI ALIKOSEA?

Baba alikosea. Alimchukua mtoto bila kupatana na mama. Hakumrudisha kwa wakati. Alimgeuza kibarua wa msimu. Kumsaidia baba kazi ndogo ni malezi mema. Lakini kushinda shambani siku nzima na kukosa shule si malezi.

Mama naye alikosea. Hasira yake ilikuwa na sababu, lakini adhabu aliyoitoa haikumpata baba peke yake. Ilimpata mtoto zaidi.

Kosa kubwa lilikuwa la wote wawili: hawakuwa na mpango. Hapakuwa na tarehe, hapakuwa na maandishi, hapakuwa na mazungumzo. Pasipo mpango, kila likizo ni vita mpya.

SHERIA INASEMA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba likizo ya mtoto ni haki ya baba au ni haki ya mama. Sivyo. Ni haki ya mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inasema kwamba mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Inasema pia kwamba wazazi wakitengana au wakiachana, mtoto ana haki 3 kubwa:

1. Kupata matunzo na elimu kama alivyokuwa akipata kabla wazazi hawajaachana.

2. Kukaa na yule mzazi ambaye mahakama imeona anaweza kumlea vizuri.

3. Kumtembelea yule mzazi mwingine na kukaa kwake kila anapotaka, isipokuwa kama jambo hilo litaharibu masomo yake.

Soma tena haki ya 3. Sheria imetaja masomo. Ndiyo sababu likizo ni wakati unaofaa. Shule imefungwa, mtoto ana nafasi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema kwamba katika kuamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Ustawi maana yake ni hali njema: afya, usalama, shule, na upendo. Baada ya hapo mahakama itaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Sheria hiyo huchukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake. Lakini hilo linaweza kupingwa mahakamani kama kuna sababu nzuri.

Kuna makabila yanayosema mtoto ni wa ukoo wa baba. Kuna mengine, kama Waluguru, Wamwera na Wamakonde, ambako kwa mila mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana sauti kubwa. Mila hizi zina heshima yake. Lakini mahakama haitaanza na ukoo. Itaanza na mtoto.

Kwa wasomaji wetu wa Zanzibar: ninyi mna Sheria yenu ya Mtoto ya mwaka 2011.

JE, KAMA BABA HATOI MATUNZO?

Hili ni swali linaloulizwa kila mahali. Mama husema: "Hatoi hata senti ya madaftari. Kwa nini nimpelekee mtoto?"

Mama ana haki ya kudai matunzo. Matunzo ni chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Mzazi asiyetoa anaweza kushtakiwa, na mahakama inaweza kumwamuru atoe. Lakini hayo ni mashtaka ya watu wazima. Sheria haikusema kwamba mtoto atamwona baba yake iwapo tu fedha zimelipwa. Usimfanye mtoto rehani.

Na wewe baba, usiseme: "Nikinyimwa mtoto, sitoi fedha." Mtoto anakula hata siku ambazo humwoni.

PANGENI KABLA SHULE HAZIJAFUNGWA

Rudi sasa kwa wale wazazi wa Njombe na Kilombero. Mwaka huu walifanya jambo jema. Mwezi wa nne, baba alimpigia simu mjomba wa watoto, akamwomba awe mshenga wa mazungumzo. Mjomba alikubali. Baba alisafiri mpaka Njombe. Wakakaa watu 4: baba, mama, mjomba, na shangazi wa watoto.

Baba alianza: "Mama watoto, mwaka jana nilikosa. Nimekuja tupange."

Mama akajibu: "Baba watoto, sikatai wakuone. Nataka kujua tu: anakwenda lini, anarudi lini, na akiugua utafanya nini?"

Maneno haya machache ndiyo mpango mzima. Anakwenda lini? Anarudi lini? Akiugua tutafanya nini?

Wewe nawe unaweza kupanga hivyo. Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Uliza shuleni tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua. Tarehe hubadilika mwaka hata mwaka. Usikisie. Ziandike.

Hatua ya 2. Hesabu siku za likizo. Tuseme likizo ni siku 28, yaani wiki 4.

Hatua ya 3. Gawanya siku hizo. Wazazi wa mfano wetu waligawanya hivi:

Wiki ya kwanza: mtoto yuko kwa mama. Anapumzika, anafua nguo zake, anajitayarisha.

Wiki ya pili na ya tatu: mtoto yuko kwa baba. Siku za safari zimo humo.

Wiki ya nne: mtoto yuko kwa mama. Anamaliza kazi ya shule aliyopewa na mwalimu. Anajiandaa kufungua shule.

Jumla: siku 14 kwa baba, siku 14 kwa mama. Hakuna mshindi, hakuna mshindwa.

Mgawanyo wenu unaweza kuwa tofauti. Kama mtoto anakaa na mama mwaka mzima, pengine mtakubaliana akae kwa baba wiki 3. Kama nyumba zenu ziko kijiji kimoja, hamna haja ya wiki nzima nzima. Mtoto anaweza kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Wengine hupokezana: likizo ya Juni kwa baba, likizo ya Desemba kwa mama, na mwaka ujao wanabadilishana ili kila mmoja apate sikukuu na mtoto. Jambo moja lisibadilike: mtoto arudi siku kadhaa kabla ya shule kufunguliwa.

Hatua ya 4. Amueni safari. Nani atamchukua? Nani atamrudisha? Nani atalipa nauli ya kwenda, na nani ya kurudi? Mtoto mdogo asipandishwe basi peke yake na kukabidhiwa kwa kondakta. Asindikizwe na mtu mzima anayejulikana na pande zote mbili.

Hatua ya 5. Amueni siku za simu. Kwa mfano, mtoto azungumze na mama yake kila Jumatano na kila Jumapili jioni. Simu si ya kupeleleza. Ni ya kusalimiana.

Hatua ya 6. Andikeni.

ANDIKA KARATASI YA MAKUBALIANO

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Kalamu yako isiishie darasani. Chukua karatasi uandike kama hivi, ukijaza majina na tarehe zenu:

"Sisi, baba na mama wa mtoto ........, tumekubaliana yafuatayo kwa likizo hii:

1. Mtoto atakwenda kwa baba tarehe ........
2. Mtoto atarudi kwa mama tarehe ........
3. Atachukuliwa na ........ Atarudishwa na ........
4. Nauli ya kwenda italipwa na ........ Nauli ya kurudi italipwa na ........
5. Atazungumza kwa simu na mzazi mwingine siku za ........
6. Akiugua, atapelekwa zahanati au hospitali mara moja, na mzazi mwingine ataarifiwa siku hiyo hiyo.
7. Kama kuna dharura ya kubadilisha tarehe, tutaarifiana kabla, si baada.

Sahihi ya baba ........ Sahihi ya mama ........ Mashahidi ........"

Andikeni nakala 2. Kila mzazi abaki na nakala yake. Kama mahakama ilikwisha toa amri juu ya mtoto, karatasi yenu isipingane na amri hiyo. Mkitaka kubadilisha amri, rudini mahakamani.

UMRI WA MTOTO UANGALIWE

Watoto hawalingani. Mpango unaomfaa mtoto wa miaka 12 hauwezi kumfaa mtoto anayenyonya.

Mtoto anayenyonya: katika miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Baada ya hapo aanze vyakula vingine, na aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mtoto huyu asitenganishwe na mama kwa siku nyingi. Baba aje amwone, ambebe, acheze naye kwa saa kadhaa. Aje mara kwa mara, kwa maana mtoto mchanga husahau sura upesi.

Mtoto wa miaka 2 mpaka 6: anaweza kwenda kwa siku chache akiwa na ndugu yake mkubwa, au mtu mwingine aliyemzoea. Kwake yeye wiki moja ni kama mwaka. Katika mfano wetu, yule msichana wa miaka 4 hakusafiri. Baba alikaa Njombe siku 3 kwa shangazi, akashinda naye.

Mtoto wa miaka 7 na zaidi: anaweza kukaa wiki kadhaa. Mwonyeshe siku kwenye kalenda ili ajue atarudi lini. Mtoto anayejua siku ya kurudi huenda kwa amani.

Mtoto mkubwa aulizwe maoni yake. Lakini kuna kuuliza kwa aina 2. Ukimwuliza, "Ungependa kwenda mwanzo wa likizo au katikati?" umemsaidia. Ukimwuliza, "Unampenda nani zaidi, mimi au baba yako?" umemuumiza.

MFUKO WA AFYA WA MTOTO ANAYESAFIRI

Sasa tuangalie mwili. Nchi yetu ni kubwa, na hali ya hewa hutofautiana. Mtoto anapobadilisha nyumba, pengine anabadilisha na magonjwa.

Chandarua. Katika sehemu za juu zenye baridi malaria ni chache. Mwili wa mtoto aliyekulia huko haukuzoea malaria. Akishuka bondeni, malaria inaweza kumshika vikali. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, tangu usiku wa kwanza. Kama kwa mzazi mwingine hakuna chandarua cha ziada, abebe chake.

Homa. Mtoto akipata homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, isipite kesho yake. Apimwe damu. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto. Amalize dawa zote, hata kama homa imeshuka. Tena kumbuka hili: malaria haitokei siku ya kuumwa na mbu. Hutokea baada ya siku 7 au zaidi. Mtoto anaweza kurudi Njombe mzima, na homa ikaanza wiki ya pili. Kwa hiyo mama amwambie mganga: "Mtoto huyu ametoka Kilombero." Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha.

Baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 Njombe, Makete, Lushoto na Mbulu kuna baridi kali. Mtoto anayetoka pwani au bondeni abebe sweta, soksi na blanketi. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita sikoseli, aangaliwe zaidi. Baridi na kukosa maji ya kunywa vinaweza kumletea maumivu makali. Avae nguo za joto na anywe maji mengi.

Dawa za kila siku. Kama mtoto anatumia dawa za pumu, kifafa, seli mundu, kisukari au virusi vya UKIMWI, dawa ziende naye na zitoshe siku zote, pamoja na siku 2 au 3 za ziada basi likiharibika. Andika kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, na saa ya kunywa. Mfundishe mzazi mwenzako. Usimfiche ugonjwa wa mtoto kwa sababu mmegombana. Dawa ikikatizwa, anayeumia ni mtoto.

Kadi. Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo iende naye. Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara 2 kwa mwaka. Akiwa na kadi anaweza kupata matone hayo na chanjo zake huko aliko. Kama ana kadi ya bima ya afya, nayo iende.

MOYO WA MTOTO

Mtoto aliyetoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine anaweza kulia, kunyamaza, au kuwa mkaidi siku 2 au 3 za kwanza. Usiseme haraka, "Amefundishwa huko." Anazoea. Mpe uji, mpe nafasi, mpe muda.

Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani asichapwe wala asichekwe. Mpeleke zahanati kwanza, kwa kuwa pengine ana ugonjwa. Kama hana ugonjwa, tafuta kinachomsumbua moyoni.

Yako mambo 4 ya kuepuka:

Usimtukane mzazi mwenzako mbele ya mtoto. Nusu ya mtoto ni baba, nusu ni mama. Ukimtukana mmoja umemtukana mtoto.

Usimtume mtoto kupeleka maneno ya ugomvi. "Mwambie baba yako alete fedha" si ujumbe wa kumpa mtoto.

Usimhoji kama polisi akirudi. "Baba yako ameoa? Walikula nini? Walisema nini juu yangu?" Mwulize tu, "Umefurahi? Umelala vizuri?" Kama ana jambo, atalisema mwenyewe.

Usimnunue kwa zawadi. Mzazi mmoja akiwa ni wa soda na mwingine ni wa kufua na kusoma, mtoto atachanganyikiwa. Nyumba zote mbili ziwe na utaratibu: kulala mapema, kusali kwa wanaosali, kusoma kidogo, kusaidia kazi ndogo.

Na kama nyumbani yuko mama wa kambo au baba wa kambo, naye aelezwe mpango. Yeye ndiye atakayempikia mtoto na kumtandikia. Aheshimiwe, naye amheshimu mtoto.

WAKATI AMBAPO MTOTO ASIENDE

Kuna wakati safari haifai. Kama mtoto amepigwa vibaya huko, au ameshikwashikwa kwa njia isiyo ya heshima, au ametishwa, au huko kuna mtu mlevi anayefanya fujo, usimpeleke. Mtoto akikuambia jambo la namna hiyo, msikilize. Usimwambie anasema uongo. Toa habari kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Iko pia namba ya simu ya kusaidia watoto, namba 116. Haina malipo.

Lakini usitunge uongo ili kumnyima mwenzako mtoto. Uongo huo humwumiza mtoto mara mbili.

Hata mahali penye hofu, mahakama inaweza kutafuta njia: mtoto amwone mzazi wake mchana tu, mbele ya bibi au mtu mwingine wa kuaminika.

MKISHINDWA KUPATANA

Anzeni na wazee wenye busara wa pande zote mbili. Mkishindwa, nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Atawasikiliza, naye anaweza kuwasaidia kuandika mpango. Mkishindwa huko, mzazi anaweza kwenda Mahakama ya Watoto kuomba amri ya kumwona mtoto kwa vipindi. Si mzazi tu: hata mlezi au ndugu aliyekuwa akimtunza mtoto, kama bibi, anaweza kuomba. Mahakama itaangalia umri wa mtoto, maoni yake, na umuhimu wa kutowatenga ndugu.

Usiende kumchukua mtoto kwa nguvu au kwa kumvizia njiani. Sheria inakataza kumwondoa mtoto kwa mtu aliyepewa haki ya kukaa naye.

MWISHO WA MFANO WETU

Yule mvulana wa Njombe atakwenda Kilombero likizo hii. Amekwisha funga mfuko wake: nguo, chandarua, madaftari 2. Kwenye kalenda ya ukutani mama amezungushia tarehe 2 kwa kalamu nyekundu, ya kwenda na ya kurudi. Shangazi ndiye atakayemrudisha. Kila jioni mtoto huenda kuangalia kalenda. Tumbo halimuumi tena.

Wazazi wake hawakurudiana. Hawana haja ya kurudiana ili wamlee. Talaka huvunja ndoa. Haivunji ubaba wala umama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wetu, baba angefanya nini mwaka jana ili ugomvi usitokee? Mama je?

2. Kwa nini wazazi waliandika makubaliano badala ya kukumbuka tu?

3. Mtoto anatoka sehemu ya baridi kwenda sehemu yenye malaria. Taja vitu 3 vya kuweka katika mfuko wake.

4. Katika kijiji chenu, nani anaweza kuwasaidia wazazi walioachana kupanga likizo ya mtoto?

5. Chukua daftari. Uliza shule ya kijiji chenu tarehe ya kufunga na kufungua. Hesabu siku za likizo, kisha zigawanye kwa nyumba 2.